Kataa neno, usikatae wito: Namna ya kukataa kikao kazini bila kuvunja heshima

KATIKA ofisi nyingi za jijini Dar es Salaam, jibu linalomsubiri mwananchi aliyekuja kufuatilia jalada lake ni la maneno mawili tu: yupo kikaoni. Mwananchi huyo ameamka alfajiri, amepanda daladala mbili, ameacha kitambulisho getini, na sasa anaonyeshwa benchi. Anaweza kukaa hapo hadi saa 6 mchana, ndipo ofisa anayemtafuta atoke, apite kwa haraka na mafaili kwapani, na kuingia chumba cha pili. Huko nako kuna kikao.

Ofisa mwenyewe naye hana raha. Mara nyingi kikao alichotoka hakikumhusu kwa zaidi ya robo saa, na kile anachoingia hakimhusu kabisa. Amekwenda kwa sababu aliitwa, na hakujua aseme nini ili asiende bila kuonekana ana kiburi, ana uvivu, au ana lake jambo na mwitaji.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Waswahili wana msemo wa siku nyingi usemao, kataa neno, usikatae wito. Maana yake ni kwamba mtu akiitwa hana budi kuitika; akishafika na kusikiliza, ndipo anapokuwa na haki ya kulikubali au kulikataa lile aliloitiwa. Anayekataa wito kabla hajajua alichoitiwa amemdharau aliyemwita, na dharau hiyo husahaulika kwa shida kuliko hasara yoyote ya mali.

Msemo huo una mantiki yake. Mjumbe alipofika mlangoni alileta salamu na wito, basi. Habari yenyewe ilikuwa kwa mwenye wito, na hapakuwa na njia ya kuijua isipokuwa kwenda. Mwaliko wa ofisini leo ni kitu kingine. Unakuja na tarehe, saa, mahali, orodha ya waalikwa na, pale ambapo katibu ni mtu makini, ajenda. Yaani neno na wito vimefika pamoja katika bahasha moja. Kwa hiyo mtumishi anayesoma ajenda, akapima, kisha akajibu kwa adabu kwamba hatafika, hajakataa wito. Ameuitikia wito, amelikataa neno. Anayeukataa wito ni yule anayeuona mwaliko, akanyamaza, kisha kiti chake kikaonekana kitupu.

Tofauti hiyo imo hata katika muhtasari wa kikao, ule ambao wanafunzi hufundishwa kuuandika tangu sekondari. Baada ya majina ya waliohudhuria hufuata fungu la wasiohudhuria kwa taarifa, halafu fungu la wasiohudhuria bila taarifa. Wote hawakuwapo na wote hawakuchangia neno lolote. Lakini kundi la kwanza limetajwa kwa heshima zake, na la pili limewekwa mahali ambapo mkuu wa idara akipitisha jicho huuliza, "Huyu naye vipi?"

Katika vyombo vingine taarifa hiyo ina uzito wa kikatiba. Ibara ya 71 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inasema mbunge atakoma kuwa mbunge ikiwa atakosa kuhudhuria vikao vya Mikutano ya Bunge mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika. Juni 2019 Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alitangaza kuwa kiti cha Singida Mashariki kilichokuwa cha Tundu Lissu kiko wazi, na moja ya sababu alizozitoa ni kwamba mbunge huyo hakuwa amemtaarifu rasmi mahali alipo. Lissu alikuwa Ubelgiji, ambako alipelekwa kuendelea na matibabu baada ya kupigwa risasi mjini Dodoma Septemba 2017, habari iliyokuwa imeandikwa na magazeti ya ndani na nje ya nchi. Alikwenda mahakamani kupinga uamuzi huo bila mafanikio. Lolote mtu atakalofikiri juu ya haki ya uamuzi ule, ulionyesha kuwa watu kujua kwamba fulani hayupo ni jambo moja, na fulani kutoa taarifa ni jambo jingine.

Mfanyakazi wa kawaida hapotezi jimbo. Anachopoteza ni muda, na muda huo huwa una mwenyewe. Mhasibu aliyeitwa kikaoni tarehe 6 ya mwezi anajua kwamba kodi inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi inapaswa kuwa imewasilishwa Mamlaka ya Mapato ifikapo tarehe 7, na kwamba tarehe 20 inamsubiri na ritani ya VAT. Akikaa saa tatu akisikiliza mjadala wa rangi ya vipeperushi vya maonyesho ya Sabasaba, adhabu ya kuchelewa haitatozwa kwa waliojadili rangi.

Kwa nini basi vikao ni vingi kiasi hicho? Sababu moja inajulikana na kila mtu, nayo ni posho.

Kwa miaka mingi kikao kimekuwa njia mojawapo ya mtumishi wa umma, na hata wa mashirika yanayofadhiliwa, kuongeza kipato chake. Juni 2011 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya Chadema, aliuandikia uongozi wa Bunge kwamba hatapokea tena posho ya kikao, ambayo ilikuwa Sh70,000 kwa siku. Hoja yake ilikuwa fupi: kukaa kikaoni ni sehemu ya kazi ambayo mbunge tayari analipwa mshahara kwayo. Mjadala ulipamba moto nchi nzima. Mwishoni mwa mwaka huohuo wananchi wakasikia kuwa posho hiyo imependekezwa kupanda hadi Sh200,000, na moto ukawaka upya. Rais wa Awamu ya Tano, hayati John Magufuli, alipoingia madarakani Novemba 2015 alibana safari za nje za watumishi na kutaka vikao na semina za serikali zifanyike katika kumbi za serikali badala ya hoteli za gharama. Kumbi zilibadilika. Vikao havikwisha.

Pale penye posho, kukataa kikao huwa na ugumu wa namna yake. Anayekataa husemwa kuwa anajifanya msafi. Wenzake hujiuliza kama atawashitaki. Na wapo pia wanaofanya kinyume, wanaofika, wanasaini daftari la mahudhurio, wanakunywa chai, kisha simu zao zinaita na hawaonekani tena. Hao nao wamekataa kikao, isipokuwa wamekataa kwa njia ambayo mlipa kodi ndiye anayeigharimia.

Lakini posho haielezi kila kitu, kwa sababu hata kampuni zisizolipa senti kwa kikao zina vikao tele. Miaka ya 1950 mwanahistoria Mwingereza C. Northcote Parkinson, aliyekuwa akifundisha Singapore, aliandika kwa mzaha mkali juu ya kamati moja ya kubuni inayojadili mambo matatu: ujenzi wa mtambo wa nyuklia, banda la kuegesha baiskeli za makarani, na viburudisho vya vikao vya kamati nyingine. Mtambo wa mamilioni ulipita kwa dakika chache, maana hakuna aliyeuelewa na kila mmoja aliona haya kuuliza. Banda la baiskeli likachukua dakika 45. Viburudisho, ambavyo kila mjumbe ni mtaalamu wake, vikala muda zaidi ya saa nzima. Yeyote aliyewahi kukaa kikao cha kujadili sare za Mei Mosi hahitaji kuambiwa Singapore iko wapi.

Zaidi ya hapo, kuna waraka wa mwaka 1944 wa idara ya ujasusi ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, ulioandikwa kuwaelekeza raia wa nchi zilizotekwa namna ya kuhujumu adui bila silaha. Pamoja na mafunzo ya kuharibu mashine na njia za reli, waraka huo uliwashauri wafanyakazi wa maofisini wapeleke kila jambo kwenye kamati, kamati zenyewe ziwe kubwa kadiri iwezekanavyo, waurudie mjadala wa jambo lililokwisha kuamuliwa, na waitishe mikutano hasa wakati kuna kazi ya haraka zaidi. Waraka ulikuja kufunguliwa kwa umma, na wasomaji wake wengi wa leo wamecheka, kisha wakanyamaza.

Halafu ukaja mwaka 2020. Janga la Uviko-19 liliwafungia watu majumbani katika nchi nyingi, na kampuni ya Zoom ikaeleza kuwa washiriki wa vikao kwa siku katika mtandao wake waliongezeka kutoka takriban milioni 10 Desemba 2019 hadi milioni 300 Aprili 2020. Tanzania haikuwafungia watu majumbani kama baadhi ya majirani zake, lakini maofisa wanaofanya kazi na wafadhili na makao makuu ya ng'ambo walijikuta ndani ya vikao hivyo, wakinunua bando kwa fedha zao. Kabla ya hapo mtu wa Mbagala aliyealikwa Mikocheni saa 2 asubuhi alikuwa na foleni ya kusingizia, na hakuna aliyembishia. Kikao cha kwenye simu kiliua udhuru wa foleni. Waalikwa wakabaki na kweli peke yake, ambayo wengi hawakuwa wamezoea kuitumia.

Kampuni kadhaa za nje zimejaribu kulitatua jambo hili kwa amri. Aprili 2018 Elon Musk aliwaandikia wafanyakazi wa Tesla kwamba mtu atoke kikaoni mara tu anapoona hana anachochangia, na kwamba kuondoka si utovu wa adabu. Januari 2023 kampuni ya Shopify ya Canada ilifuta kwa mkupuo vikao vyote vya kujirudia vyenye watu zaidi ya wawili na kupiga marufuku vikao siku za Jumatano. Amri ya Shopify inaweza kuigwa na mkurugenzi yeyote mwenye ujasiri. Ya Musk haifai kuletwa hapa. Kijana anayesimama katikati ya maneno ya mkuu wake wa idara, akakusanya kalamu zake na kutoka, atakuwa amesema jambo ambalo barua yoyote ya kuomba radhi haitalifuta. Ni afadhali asiingie.

Na kutoingia ndiko kunakohitaji ufundi.

Hatua ya kwanza hufanyika kabla ya kujibu. Mwalikwa anapaswa kujua ameitwa kama nani. Katika vikao vingi kuna wajumbe, kuna waalikwa na kuna wanaopewa nakala tu. Mjumbe ana wajibu, na pengine kutokuwapo kwake huvunja akidi, kikao kikaahirishwa na watu waliotoka mikoani wakarudi mikono mitupu. Mwalikwa aliyeitwa kutoa maelezo ya kipengele kimoja ana nafasi pana zaidi. Anaweza kuomba kipengele chake kiwe cha kwanza, akaeleza, akaruhusiwa na mwenyekiti kuondoka. Aliyepewa nakala hakuitwa kabisa, ingawa wengi wa kundi hili ndio huonekana wamekaa nyuma ukumbini wakifungua chupa za maji.

Ajenda isipokuwapo, kuuliza si kosa. Swali kama, "Ndugu Katibu, naomba kufahamu ni eneo gani idara yetu inatarajiwa kuchangia ili nijiandae ipasavyo," ni la heshima na lina faida mbili. Likijibiwa vizuri, mtu anajua kama aende. Likishindikana kujibiwa, aliyeitisha kikao naye hugundua jambo.

Hatua ya pili ni wakati. Udhuru unaotolewa siku mbili kabla ni taarifa. Unaotolewa asubuhi ya kikao ni msamaha. Unaotolewa baada ya kikao ni utetezi. Maneno yanaweza kuwa yaleyale katika mara zote tatu, lakini uzito wake hushuka kila saa. Hapa ndipo neno "dharura" limetumiwa vibaya hadi limechakaa. Dharura ni jambo lisilotazamiwa: mgonjwa, msiba, mafuriko ya Jangwani. Udhuru ni sababu yoyote ya haki inayomzuia mtu, hata ikiwa aliijua tangu wiki iliyopita. Mtumishi aliyepata dharura nne kwa mwezi mmoja, hata zikiwa za kweli, ya tano itasikilizwa kwa kutabasamu.

Sababu yenyewe inatosha kuwa moja, ya kweli na fupi. Anayetoa sababu tatu huwa ameanza kutunga. Kwa mkuu wa kazi, sababu nzuri kuliko zote ni kazi aliyoitoa mkuu huyohuyo, na njia ya staha ni kumrudishia uamuzi. Mfano wa ujumbe wa aina hiyo ni huu: "Shikamoo Mkuu. Nimepokea mwaliko wa kikao cha Alhamisi saa 4 asubuhi. Siku hiyo ndiyo nakamilisha taarifa ya robo mwaka uliyoagiza iwe mezani kwako Ijumaa. Naomba mwongozo wako, nihudhurie kikao na taarifa isogee hadi Jumatatu, au niendelee na taarifa na kikao niwakilishwe?" Hakuna neno "hapana" katika maneno hayo. Hata hivyo mkuu anayesoma anaona mizani iko mikononi mwake, na mara nyingi atasema endelea na taarifa.

Akisema njoo, basi ni kwenda. Aliyeomba mwongozo akapewa, kisha akafanya lake, yuko mahali pabaya kuliko ambaye hakuomba.

Kwa wenzake wa ngazi moja mtu hahitaji kuinama kiasi hicho, ila hapo ndipo wengi huteleza kwa kujibu kwa mkato. Neno "sitaweza" peke yake, likiwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi lenye watu 40, husikika kama mlango uliobamizwa. Afadhali mhusika amwandikie mwitaji pembeni: "Dada, asante kwa kunikumbuka. Hiyo Jumanne niko bandarini na mzigo, sitafika. Takwimu za mauzo ulizozitaja nitakutumia Jumatatu jioni ili msikwame." Dada huyo atawaambia wengine mwenyewe, kwa maneno mazuri zaidi kuliko ambayo mhusika angeyaandika.

Mwaliko wa kutoka nje ya taasisi hujibiwa kwa barua au baruapepe rasmi, na humo mtindo wa zamani wa makarani bado una nguvu yake: "Rejea barua yako ya tarehe iliyotajwa hapo juu. Tunakushukuru kwa kutualika. Tunasikitika kukuarifu kuwa hatutaweza kuhudhuria kutokana na majukumu mengine yaliyopangwa siku hiyo. Tutashukuru kupatiwa muhtasari wa maazimio." Wapo wanaodhihaki lugha hii kuwa ni ya masijala. Lakini ina shukrani, ina masikitiko, ina sababu na ina ombi, vyote katika mistari minne, na haijamkera mtu kwa miongo mingi.

Kuna jibu jingine ambalo ofisi za Kiafrika zimelitumia siku zote, nalo ni kutuma mwakilishi. Inafurahisha kwamba hata kompyuta inalijua. Mwaka 1998, wataalamu wa intaneti walipoweka kiwango cha pamoja cha mialiko ya kalenda, waliorodhesha majibu ya mwalikwa kuwa ni kukubali, kukataa, kukubali kwa shaka na kumkasimia mwingine. Vitufe vinavyoonekana mbele ya mtumiaji mara nyingi ni vile vitatu vya mwanzo, na hilo la nne, lililo la kwetu hasa, limejificha. Uwakilishi una sharti lake. Mwakilishi awe amepewa mamlaka ya kusema. Kijana wa mafunzo kazini anayetumwa "kashike nafasi," kisha akaulizwa msimamo wa idara na kujibu kuwa atauliza, ameifanya idara nzima ionekane imekataa wito.

Jambo hili lote, kwa kweli, wakazi wa Dar es Salaam wanalijua vizuri sana wakiwa nje ya kazi. Hakuna mji unaoalika watu kwenye vikao kuliko huu, kutokana na vikao vya harusi. Mfanyakazi mmoja anaweza kuwa na kadi za kamati tatu kwa msimu mmoja, kila moja ikikutana jioni kwenye baa au ukumbi wake. Hawezi kuhudhuria zote na hakuna anayetegemea ahudhurie zote. Anachofanya kila mtu mwenye adabu ni kumpigia simu mwenyekiti wa kamati, kumpa pole ya kazi, kueleza kwamba hatafika, na kutuma mchango wake kwa simu kabla ya kikao kuanza. Akishafanya hivyo hana lawama. Atasomwa katika orodha, na pengine atapigiwa makofi kuliko waliokuja mikono mitupu wakala nyama choma.

Ofisini nako kuna mchango, ila ni wa mawazo. Anayekataa kikao cha bajeti lakini akatuma ukurasa mmoja wenye makadirio ya idara yake na hoja zake mbili ametoa zaidi ya aliyekaa saa tatu akichezea simu. Ukurasa huo pia humlinda. Katibu ataunukuu, na mtu hatasemwa kuwa amesusa. Kususa, ikumbukwe, ni tuhuma nzito katika ofisi zetu, kwa sababu anayesusa hudhaniwa kuwa ana kundi nyuma yake.

Vipo vikao ambavyo havikataliwi, na hapa adabu inakaa pembeni, sheria inashika kiti. Cha kwanza ni kikao cha nidhamu kinachomhusu mtu mwenyewe. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kutosha kujiandaa usiopungua saa 48, na zinampa nafasi ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Lakini kanuni hizohizo zinamruhusu mwajiri kuendelea bila yeye ikiwa atakataa kuhudhuria pasipo sababu ya msingi. Wafanyakazi wamewahi kudhani kuwa wasipokwenda hakuna kitakachofanyika. Kitafanyika, na upande wao hautasikika. Kama muda hautoshi, kinachoombwa kwa maandishi ni kuahirisha.

Kadhalika kikao cha mashauriano kabla ya kupunguza wafanyakazi. Mwajiri anatakiwa na sheria kutoa taarifa na kushauriana, na aliyekataa kuingia chumba hicho kwa hasira ameacha kiti ambacho sheria ilimwekea yeye. Aidha, ukaidi mkubwa dhidi ya agizo halali la mwajiri umo katika makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi. Kukosa kikao kimoja kwa taarifa hakufanani na ukaidi. Kuagizwa waziwazi, ukajibu kwa jeuri mbele ya watu, kunaanza kufanana nao.

Upande wa pili, sheria inampa mfanyakazi mahali pa kusimama. Saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada hutakiwa ziwe za makubaliano na zilipiwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, isipokuwa kwa wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri. Kikao cha saa 12 jioni ni saa za kazi, hata kama kuna soda. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku katika muda wa kazi kwa ajili ya mtoto wake, na kikao kilichopangwa juu ya saa hizo kinaweza kukataliwa kwa sentensi moja isiyohitaji kuomba radhi. Inasikitisha kwamba wengi wa kina mama hao huomba radhi hata hivyo, na wengine hukaa kimya, kifua kikiwauma, hadi mengineyo yaishe.

Mengineyo ndiyo hasa yanayopaswa kuogopwa na aliyekataa kikao. Kipengele hicho cha mwisho hakina ajenda, na ndicho kinachogawa kazi zisizo na mwenyewe. Mwenyekiti huuliza nani ataandaa taarifa, ukumbi unakuwa kimya, watu wanatazama meza, kisha mmoja anakumbuka jina la asiyekuwapo. Linapitishwa kwa kauli moja.

Kwa sababu hiyo, mtu aliyetoa udhuru hana budi kuomba muhtasari mapema na kuusoma wote, hasa safu ya mhusika wa utekelezaji. Akikuta jina lake mahali asipopakubali, amweleze katibu kwa maandishi kabla muhtasari haujathibitishwa, maana ukishathibitishwa na kusainiwa utaingia kwenye yatokanayo, na huko ataulizwa amefikia wapi. Uthibitisho huo hufanyika mwanzoni mwa kikao kinachofuata. Ndiyo maana wazoefu wa jambo hili, wakishakataa kikao kimoja, hujitahidi sana wasikose kile cha baada yake, angalau kwa zile dakika kumi za kwanza.